The Awful Truth (1937): wanandoa waliopewa siku 90 kabla talaka haijakamilika

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naleta filamu ya mwaka 1937, nyeusi na nyeupe, kazi ya Columbia Pictures, inaitwa The Awful Truth. Mwongozaji ni Leo McCarey, na stelingi ni wawili: Irene Dunne na Cary Grant. Ni komedi ya mapenzi, ila haiwahusu vijana wanaokutana na kupendana. Hawa ni mke na mume wanaoachana dakika za mwanzoni kabisa, halafu wanahangaika filamu nzima kurudiana na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo kwa mdomo. Nitasimulia mpaka mwisho. Asiyetaka kujua inaishaje aitazame kwanza, uzi utamsubiri.

Kisa chenyewe. Jerry Warriner ni tajiri wa New York. Amemuaga mkewe Lucy kwamba anakwenda Florida kupumzika. Hakwenda. Tunamkuta klabuni kwake amelala chini ya taa ya kuunguza ngozi, ili akirudi nyumbani aonekane mtu aliyepigwa na jua. Anafika nyumbani na marafiki na kapu la machungwa ya zawadi, anakuta mke hayupo. Baadaye Lucy anaingia na gauni la mtoko wa jana usiku, na nyuma yake yuko mwalimu wake wa kuimba, Armand Duvalle, mwanamume mtanashati mwenye maneno laini. Maelezo yao: walikuwa shughulini, gari likaharibika njiani, ikabidi walale kwenye nyumba ya wageni. Jerry ananuna, wageni wanaona hali ya hewa imebadilika, wanaaga mmoja mmoja. Lucy anaokota chungwa moja kapuni, analigeuza, anakuta limepigwa chapa ya California.

Basi. Hakuna kelele, hakuna sahani kuvunjwa. Lucy anapiga simu kwa wakili kuomba talaka. Wakili mwenyewe anamsihi asikimbilie huko, anamwambia ndoa ni kitu kizuri, na kila mkewe anapomwita akale chakula anamgeukia na kumfokea anyamaze, kisha anarudi kwenye simu na ile sauti ya upole kuendelea kuisifu ndoa. Onyesho fupi sana, lakini nimewaona watu wazima wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Sasa jambo ninalotaka tulijadili. Filamu haituambii Jerry alikuwa wapi siku zile zote. Haimtaji mwanamke yeyote, haimwonyeshi akikiri. Na Lucy na Armand? Hakuna shahidi anayeletwa, hakuna fundi wa gari, hakuna mwenye nyumba ya wageni. Tunaona dalili kwamba Lucy ni msafi, dalili nyingi tu, ila uthibitisho hatupewi hadi mwisho. Watu wengine huona ni uzembe wa mwandishi. Mimi naona ndicho kitu kikubwa McCarey alichofanya. Hawa wawili wanarudiana bila kesi yao kusikilizwa hadi mwisho. Kinachowarudisha si ushahidi, ni kicheko, na nitaeleza namaanisha nini.

Mahakamani, mgogoro mkubwa ni nani achukue mbwa. Jina lake Mr. Smith. Hakimu anaamua mbwa aitwe na wote wawili, atakayemfuata ndiye mwenyewe. Mbwa anasimama katikati hajui aende wapi. Lucy anamwonyesha kwa siri kichezeo chake alichokificha, mbwa anamrukia, hakimu anampa mama. Jerry anapewa haki ya kuja kumtembelea mbwa. Na hakimu anasema talaka itakamilika baada ya siku 90. Hapo katikati bado ni mke na mume kisheria. Hizo siku 90 ndizo filamu yenyewe.

Lucy anahamia kwa shangazi yake Patsy. Kwenye korido ya jengo hilohilo anaishi Dan Leeson, mwenye visima vya mafuta kutoka Oklahoma, mtu mwema, mkubwa wa mwili, anayemsikiliza mama yake kwa kila kitu. Ralph Bellamy ndiye aliyemwigiza. Dan anampenda Lucy kwa dhati kabisa, anamwandikia shairi, anataka kumuoa na kumpeleka Oklahoma. Jerry anakuja "kumtembelea mbwa" na kila mara anafika saa mbaya kwa Dan.

Onyesho la klabu ya usiku: Dan anajitapa kuwa bingwa wa dansi kwao, anamvuta Lucy ukumbini na kumrusha huku na huku. Lucy anateseka kwa adabu. Jerry anavuta kiti karibu na ukumbi, anakaa akitazama kwa raha, na dansi ikiisha anampa kiongozi wa bendi hela arudie wimbo uleule. Lakini kabla ya hapo Jerry naye ameaibika: mrembo aliyekuja naye, Dixie Belle Lee, amepanda jukwaani na wimbo ambao kila kipande kikifika upepo kutoka sakafuni unampeperusha gauni. Dan anashangaa, Lucy anajizuia kucheka, Jerry hajui aweke wapi macho. Kila mmoja amemwona mwenzake akidhalilika na mtu asiyemfaa. Na ni wao wawili tu mezani pale wanaoelewa kichekesho kiko wapi. Dan haelewi. Hata angeelezwa asingeelewa.

Kisha lile ninalolipenda kuliko yote. Jerry anasikia Lucy yuko kwa Armand mchana. Anakwenda mbio kuwafumania, anapigana mieleka na mtumishi mlangoni, anavunja njia na kuingia kwa kishindo, anakuta ukumbi umejaa watu wa heshima wamekaa kimya, Lucy amesimama kando ya piano anaimba na Armand anampigia. Ni onyesho la muziki. Jerry anatafuta kiti nyuma kabisa, anajifanya naye alialikwa, anaegemea nyuma, kiti kinateleza, anaanguka pamoja na meza, na kila anapojaribu kujinasua kitu kingine kinadondoka. Lucy anaendelea kuimba. Anamwona. Na noti za mwisho kabisa za wimbo anazimalizia kwa kicheko kidogo, kicheko kilichokaa ndani ya muziki bila kuuharibu.

Irene Dunne alikuwa mwimbaji aliyesomea, ndiyo maana aliweza. Lakini tazameni uso wake pale. Mwanamume amekuja kumfumania, amemdhania vibaya mbele ya ukumbi mzima, na yeye moyo unamlainika. Baada ya hapo anamwambia shangazi kwamba bado anampenda yule mwendawazimu. Hakumsamehe kwa sababu alieleza chochote.

Nakaribisha michango.

#2

Mkuu, uzi mzuri na filamu naijua. Ila nina neno. Jerry ndiye aliyedanganya kwanza, tena kwa maandalizi, mpaka taa ya kuunguza ngozi! Lucy gari lake liliharibika, na huenda liliharibika kweli. Halafu mwisho wa filamu anayehangaika kurudisha ndoa ni nani? Ni Lucy. Anajishusha, anakwenda kwa watu kujifanya mlevi ili amrudishe mwanamume. Naona ni ileile hadithi, mwanamke ndiye wa kubeba.

#3 (Mleta uzi)

Hoja nzito hii, na sitaikwepa. Kwa wasioiona: Dan anajitoa baada ya tukio la kofia. Lucy alimwita Armand nyumbani, Jerry akagonga mlango ghafla, Lucy akamficha Armand chumbani. Kumbe kofia ya Armand imebaki sebuleni, na Mr. Smith anadhani ni mchezo wa kuficha na kutafuta, kila Lucy akiificha mbwa anaileta. Jerry anaivaa mbele ya kioo akidhani ni yake, inamshuka hadi masikioni, anashangaa kichwa kimepungua. Halafu Dan na mama yake nao wanagonga. Jerry anakimbilia kujificha chumba kilekile. Mnasikia vishindo, na Armand anatoka mbio huku Jerry akimfukuza, wanapita mbele ya Dan na mama mtu. Ndoa ya Oklahoma ikaishia hapo.

Kisha Jerry naye anapata mchumba, Barbara Vance, binti wa ukoo wa kitajiri. Usiku ule talaka inakamilika, Lucy anajitokeza nyumbani kwa kina Vance akijifanya Lola, dada yake Jerry. Amevaa vibaya, anaomba kinywaji, anapiga kelele kuwa pochi yake imeibwa na mtu asitoke humu ndani. Jerry alikuwa amewajengea wakwe picha ya ukoo mkubwa uliosoma Princeton, chuo kikuu cha wenye majina. Lola anathibitisha kwamba ndiyo, baba alikuwa Princeton miaka mingi, alikuwa akitunza bustani pale vizuri sana. Halafu anaimba wimbo wa Dixie Belle, ule wa upepo, na upepo anauigiza mwenyewe kwa mikono.

Ukisema anajishusha, mimi naona kinyume. Ni mtu pekee chumbani mle aliye huru. Wakwe wamekaa kama sanamu. Na mtazame Grant: mwanzo ana hofu, halafu uso unaanza kufunguka, mwisho anamtazama mkewe kwa fahari. Lucy anamwonyesha jambo moja tu: ukimuoa Barbara hutacheka tena. Hakumwomba. Hakumlilia.

Ila kuhusu nani abebe mzigo, nakubali kwamba filamu ina upande. Jerry anahojiwa kidogo mno juu ya uongo wake. Kinachonituliza ni kwamba maneno ya mwisho ya kukubali kosa yametoka kwake, si kwa Lucy. Nitafika huko.

#4

Assalam aleykum nyote. Mie ni mtu wa Tanga, sinema za kizungu si sana, lakini kaka yangu mleta uzi umeniamsha uliposema siku 90. Hiyo si eda hiyo?

Kwetu sisi Waislamu mwanamke akipewa talaka ya kwanza au ya pili na mumewe, anakaa eda ya tohara tatu, na asiyepata hedhi ni miezi mitatu. Muda wote huo ni talaka rejea: mume anaweza kumrudia bila ndoa mpya wala mahari mapya. Na Surat At-Talaq imekataza mume asimtoe mkewe nyumbani wakati wa eda wala yeye mwenyewe asitoke, na imetaja sababu, kwamba hujui, huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo baada ya hayo. Siku hizi hili watu hawalifuati. Mwanamke akiachwa tu, asubuhi begi liko mlangoni, kaka yake kaja kumchukua. Watarudianaje na hawaonani? Wale waliokaa nyumba moja, mara huyu kaomba maji, mara mtoto kakohoa usiku wote wawili wameamka, ndio wanaorudiana.

Naomba kujua, hao wa kwenye filamu walikaa nyumba moja?

#5 (Mleta uzi)

Wa aleykum salaam dada. Umeleta jambo ambalo sikuwahi kuliona na nimelifurahia mno. Hapana, walikaa mbali, mmoja kwa shangazi. Lakini sikiliza filamu inavyoisha.

Baada ya fujo la "Lola", Lucy na Jerry wanaondoka kwa gari usiku. Lucy anataka wafike kwenye nyumba ya shangazi Patsy huko mashambani Connecticut. Polisi wa pikipiki wanawasimamisha, Lucy anaharibu gari makusudi, mwishowe polisi wenyewe wanawapeleka, kila mmoja kakaa mbele kwenye pikipiki. Wanafika. Vyumba viwili, katikati mlango mmoja ambao komeo lake halishiki. Saa sita usiku talaka inakamilika. Ukutani pana saa yenye nyumba ndogo, na kila robo saa vikaragosi viwili, mwanamume na mwanamke, vinatoka kila kimoja mlango wake, vinacheza kidogo, vinarudi kila kimoja mlango wake.

Upepo unafungua ule mlango. Jerry anaufunga. Unafunguka. Kuna paka mweusi anayelala mlangoni akauzuia, na Lucy kitandani anamtazama paka kwa jicho la kumwomba atoke. Wanazungumza kupitia uwazi ule, sentensi za kuzungukazunguka, mambo ni tofauti lakini yangeweza kuwa yaleyale, isipokuwa kwa namna tofauti. Jerry ndiye anayesema kwamba alikuwa mpumbavu, na kwamba sasa amebadilika, basi kama yeye amebadilika, si mambo yanaweza kurudi kama zamani, tofauti kidogo?

Kwa hiyo dada yangu, saa ya mwisho ya eda yao walikuwa chini ya paa moja. Na aliyepanga wawe chini ya paa moja alikuwa mke.

#6

Nimefanya kazi za sheria, nichangie kidogo upande huo kwa sababu wengi wanadhani Wamarekani wa zamani waliachana kirahisi.

Jimbo la New York, ambako hadithi hii imewekwa, lilikuwa gumu. Hadi mageuzi ya mwaka 1966 sababu pekee ya kutoa talaka pale ilikuwa uzinzi. Mwenye uwezo alisafiri hadi Reno, jimbo la Nevada, ambako kuanzia 1931 ilitosha kukaa wiki sita tu ukahesabika mkazi na kufungua shauri. Kwa hiyo mtazamaji wa 1937 alipoona mke anaingia asubuhi na mwalimu wa muziki alielewa uzito wake mahakamani, hata bila kuelezwa. Tuhuma ileile inayovunja moyo ndiyo inayofungua mlango wa talaka.

Na kwa wa Tanzania humu: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Nimeona wanandoa wakienda barazani ili tu wapate hati ya baraza ya kupeleka mahakamani, wanakaa dakika chache, hawatazamani. Lengo la sheria lilikuwa zuri. Muda wa kusubiri bila watu kukutana kwa kweli haufanyi kazi yoyote, hapo niko na dada wa Tanga.

#7

Mleta uzi, swali. Inakuwaje filamu ya 1937 ihusu vitanda, vyumba viwili, mlango unaofunguka, na isifungiwe? Nilisoma kwamba Hollywood wakati ule kulikuwa na wakaguzi wakali.

#8 (Mleta uzi)

Swali zuri. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa 1930, lakini zilianza kubana kikweli kuanzia katikati ya 1934 chini ya mkuu wa wakaguzi, Joseph Breen. Uzinzi haukuruhusiwa kuonyeshwa kuwa unavutia, kitanda kilikuwa tatizo, na ndoa ilipaswa kuheshimiwa. Waandishi wakagundua mwanya. Chukua wanandoa, waachanishe, halafu wafanye watongozane tena. Hamu yote unaweza kuionyesha, kwa sababu hawa walikwisha kulala kitanda kimoja kihalali na wakifaulu watarudi kitanda hichohicho. Tena McCarey akaifanya sheria iwe chumvi ya kichekesho: kabla ya saa sita ni mke na mume, wakivuka mlango ni halali, baada ya saa sita ni dhambi. Mkaguzi angekata nini hapo?

Ndiyo maana filamu za aina hii zilikuwa nyingi kipindi kile. Mwanafalsafa wa Harvard, Stanley Cavell, aliziandikia kitabu kizima mwaka 1981, akachagua saba za kati ya 1934 na 1949, na The Awful Truth ni mojawapo. Hoja yake, kwa ufupi wangu, ni kwamba ndoa ya kweli ni ile watu waliyoichagua mara ya pili, wakijuana udhaifu wao. Sikubaliani naye kila mahali, lakini alizipa filamu hizi heshima ambayo watu walizinyima kwa sababu zinachekesha.

#9

Mimi ni mpenda uigizaji. Ni kweli filamu hii ilibuniwa palepale wakiwa wanapiga picha?

#10 (Mleta uzi)

Kwa sehemu kubwa ndiyo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu panahusu ile hoja yangu ya kicheko.

Chanzo ni tamthilia ya Arthur Richman ya 1922, na ilikwisha kufanywa filamu mara mbili kabla, 1925 bila sauti na 1929 ikiwa na sauti. Aliyetajwa kuandika muswada ni Viña Delmar. Lakini McCarey alikuwa mtu wa aina yake. Alikulia kikazi kwenye studio ya Hal Roach, komedi zisizo na sauti, na ni miongoni mwa waliowaunganisha wale wachekeshaji wawili, Laurel na Hardy. 1933 aliwaongoza ndugu wachekeshaji, Marx Brothers, kwenye filamu ya Duck Soup. Alifika kazini asubuhi na vikaratasi, akakaa kwenye piano akipigapiga huku akiwaza, kisha akawaambia waigizaji ingieni kwa mlango ule, sema hivi, tuone. Ralph Bellamy alishtuka alipoambiwa aimbe Home on the Range huku Dunne akipiga piano, naye hajui kuimba. Aliimba hivyohivyo kwa sauti yake mbovu, kamera ikipiga, na kipande hicho kiko ndani ya filamu. Ni cha kweli kwa sababu ni cha kweli.

Cary Grant aliogopa mno. Alizoea kupewa maandishi. Aliomba kwa Harry Cohn, bosi wa Columbia, aachiwe aondoke, akapendekeza hata abadilishane nafasi na Bellamy. Cohn alikataa. Na tazameni kilichotokea: Cary Grant mnayemjua, mtanashati anayeanguka kwenye kiti na kubaki mtanashati, anayejibu kwa nyusi kabla ya mdomo, alizaliwa kwenye filamu hii. Kabla ya hapo alikuwa na sura nzuri na majukumu mengi. Baada ya hapo akawa Cary Grant.

Sasa, waigizaji wasiojua dakika inayofuata italeta nini wanalazimika kutazamana. Hawana jinsi nyingine. Ukiwatazama Dunne na Grant unaona watu wawili wanaosikilizana kwelikweli, mmoja akirusha neno mwenzake analidaka na kulirudisha likiwa limenona. Huwezi kuliandika lile. Na ndicho Lucy na Jerry walicho nacho ambacho Dan na Barbara hawawezi kuwapa. Dan ni mwema kuliko Jerry, mkweli kuliko Jerry, na nadhani angekuwa mume mtulivu. Filamu haimtukani. Inaonyesha tu kwamba Lucy akiwa naye anazungumza peke yake.

Mbwa naye alikuwa nyota: anaitwa Skippy, ndiye aliyecheza mbwa Asta kwenye filamu ya The Thin Man ya 1934, na mwaka uliofuata 1938 akawa mbwa mchimba mfupa kwenye Bringing Up Baby, tena na Grant.

#11

Naomba nipinge kidogo. Hizi ni shida za matajiri. Nguo za kung'aa, vilabu, mbwa mahakamani. Marekani yenyewe wakati huo watu walikuwa na njaa. Ndoa za watu wa kawaida hazivunjiki kwa sababu ya machungwa, zinavunjika kwa kodi ya nyumba, kwa ndugu, kwa mume kukosa kazi. Hapa hakuna hata mtoto. Wangekuwa na watoto watatu wangecheka?

#12 (Mleta uzi)

Hapana mtoto, hilo kweli, na ni upungufu. Mbwa amewekwa pale achukue nafasi ya mtoto, ile ya kuamriwa mahakamani na ya baba kuja kutembelea, lakini mbwa halii usiku akimuuliza mama yake baba yuko wapi. Mtu aliyepitia talaka yenye watoto anaweza kuitazama filamu hii na kuona wameachiwa njia nyepesi. Sina la kukujibu hapo.

Kuhusu njaa, ni kweli Mdororo Mkuu, yaani kuanguka kwa uchumi kulikoanza 1929, ulikuwa haujaisha. Ila fahamu kwamba McCarey huyuhuyu, mwaka huohuo wa 1937, alitoa Make Way for Tomorrow. Wazee wawili, mke na mume wa miaka mingi, benki inachukua nyumba yao, watoto hakuna anayeweza kuwachukua wote wawili, wanagawanywa, mama kwa mtoto huyu, baba kwa yule. Hao hawakutaka talaka. Umaskini na watoto wao ndio waliowatenganisha. Studio ilimsihi abadilishe mwisho ufurahishe, akakataa. Filamu haikuuza, na Paramount haikuendelea naye. Ndipo akaja Columbia kutengeneza hii ya Warriner.

Kwa hiyo aliyetengeneza komedi hii alikuwa ametoka tu kuonyesha ndoa ikivunjwa na yale yote uliyoyataja, kodi, ndugu, kukosa kazi. Hakuwa mtu asiyejua.

Kwenye Oscar The Awful Truth iliteuliwa vipengele sita: filamu bora, Dunne mwigizaji bora wa kike, Bellamy mwigizaji msaidizi, muswada, uhariri na uongozaji. Ilishinda kimoja, McCarey, mwongozaji bora. Alipopanda kuchukua aliwashukuru, akasema wamempa kwa filamu isiyo yenyewe. Alimaanisha ile ya wazee.

Irene Dunne aliteuliwa mara tano maishani na hakushinda hata moja, na hili linaniuma kila ninapotazama lile onyesho la kuimba.

#13

Mkuu, umenishawishi. Baada ya hii nitazame ipi? Mke wangu naye anataka, tuko kwenye kipindi kigumu kidogo na hatutaki filamu ya kuhubiriwa.

#14 (Mleta uzi)

Poleni, na hongereni kwa kutaka kukaa sebule moja.

Anzeni na hii yenyewe, ni kama saa moja na nusu tu. Msisimame katikati kujadili nani ana kosa.

Kisha His Girl Friday ya 1940, ya Howard Hawks. Cary Grant ni mhariri wa gazeti, Rosalind Russell ni mtalaka wake na mwandishi hodari kuliko wote, anakuja kumuaga kwamba anaolewa kesho. Ralph Bellamy ndiye mchumba, tena, na anaachwa, tena. Hapo kinachowarudisha ni kazi. Wanaongea haraka mno, wekeni maandishi chini ya picha. Onyo: huyu mume wa His Girl Friday ni mjanja kupita kiasi, sidhani ningemrudia.

The Philadelphia Story, 1940 pia, ina Grant na Katharine Hepburn, mtalaka anarudi siku moja kabla ya harusi ya mkewe wa zamani. Nzuri, lakini kuna mahali baba mtu anamlaumu binti yake kwa uzinzi wa baba mwenyewe, na filamu inamwachia. Mke wako atakasirika pale na atakuwa na haki.

My Favorite Wife ya 1940 inawarudisha Dunne na Grant pamoja: mke aliyedhaniwa amekufa maji anarudi siku mume amefunga ndoa nyingine. Inachekesha, ila haina kina cha hii. Na kuna The Awful Truth iliyorudiwa 1953 kwa jina la Let's Do It Again, yenye rangi na nyimbo. Hiyo mnaweza kuiruka.

Make Way for Tomorrow iacheni kwanza. Muitazame mambo yakitulia, na leso iwe karibu. Dada wa Tanga, ile nakuomba uitazame wewe, halafu uje na neno lako. Nitaifungulia uzi wake Ijumaa.

#15

Inshallah kaka. Ijumaa baada ya Isha nitakuwepo.